Maji, Chumvi na Sukari: Dawa Iliyothibitishwa Kambini

Leo tunaandika historia ya kitu ambacho kila nyumba hapa kambini inakijua: ile pakiti ndogo ya ORS. Sababu ni hii: tukipita nyumba kwa nyumba kuongea habari za usafi, tunasikia maneno yale yale. "Nimeenda kliniki na mtoto anaharisha, wamenipa maji tu, dawa hawakunipa." Mtu anataka dripu. Asipoipata anaona amedharauliwa kwa sababu ni mkimbizi. Basi tuangalie hayo "maji tu" yalitoka wapi.

Tuanze na maji yenyewe. Mwili wa mtu mzima ni maji kwa kiasi cha asilimia 60 hivi. Molekuli moja ya maji ina atomu 2 za haidrojeni na atomu 1 ya oksijeni. Oksijeni ina nguvu ya kuvuta elektroni, kwa hiyo upande wake unakuwa na chaji hasi kidogo, na upande wa haidrojeni unabaki na chaji chanya kidogo. Kitu kidogo hicho ndicho kinafanya maji yayeyushe chumvi. Ukitia chumvi kwenye kikombe, maji yanaizunguka na kuitenganisha: sodiamu yenye chaji chanya huku, kloridi yenye chaji hasi kule. Ndani ya damu, jasho na machozi yetu kuna chumvi hiyo hiyo. Ndiyo maana ukilamba jasho unasikia chumvi.

Sasa kipindupindu kinafanya nini? Mdudu wake akifika kwenye utumbo mwembamba anatoa sumu. Sumu hiyo inazilazimisha seli za utumbo kumwaga kloridi nje bila kusimama. Sodiamu inafuata, na maji yanafuata chumvi. Mgonjwa aliyezidiwa anaweza kupoteza mpaka lita 1 kwa saa. Kinachomuua ni kukauka: damu inakuwa nzito, shinikizo linashuka, figo zinasimama.

Jambo hili lilianza kujulikana zamani. Mwaka 1831 na 1832 kipindupindu kilipoingia Uingereza, daktari kijana kutoka Ireland, William O'Shaughnessy, alipima damu ya wagonjwa akakuta imepungukiwa maji na chumvi. Daktari mwingine wa Scotland, Thomas Latta, akajaribu kuingiza maji ya chumvi kwenye mishipa ya wagonjwa waliokuwa wanakufa, na baadhi yao wakapona. Huo ndio mwanzo wa dripu.

Lakini dripu ina masharti. Inataka chupa safi, sindano, mtu aliyefundishwa, na pesa. Watu waliuliza: kwa nini mgonjwa asinywe tu maji ya chumvi? Walijaribu, ila chumvi peke yake ilipita na kutoka na harisho.

Jibu lilikuja kutoka kwenye sukari. Mwaka 1960, kwenye mkutano mjini Prague, mwanasayansi Robert Crane alieleza kwamba kwenye ukuta wa utumbo kuna kitu kama mlango, ambao leo tunajua ni protini. Mlango huo unapitisha glukosi pamoja na sodiamu. Mmoja akija peke yake, mlango haufanyi kazi yake. Wakija pamoja wanaingia, na maji yanawafuata ndani. Halafu ajabu ni hii: sumu ya kipindupindu haiharibu mlango huo. Mgonjwa anaharisha vibaya sana, kumbe mlango wa kuingizia maji bado mzima. Kwa hiyo sukari ndani ya ORS haikuwekwa kwa ajili ya utamu. Imewekwa kufungua mlango.

Mwaka 1968, mjini Dhaka, madaktari David Nalin na Richard Cash na wenzao waliwapa wagonjwa wa kipindupindu mchanganyiko wa glukosi na chumvi wanywe. Mahitaji ya dripu yakapungua kwa asilimia 80 hivi. Hata hivyo wengi walisema hiyo inawezekana hospitalini tu, chini ya macho ya wataalamu.

Hapo ndipo wakimbizi wanaingia kwenye historia hii. Mwaka 1971 vita vilipiga Pakistan ya Mashariki, nchi ambayo leo ni Bangladesh. Watu karibu milioni 10 walikimbilia India. Kwenye mji wa mpakani wa Bongaon, daktari Dilip Mahalanabis alikuta vyumba viwili vimejaa wagonjwa wa kipindupindu wamelala sakafuni. Dripu zilikuwa zinaisha. Yeye na wenzake wakageuza maktaba ya kituo chao mjini Kolkata kuwa kiwanda. Walipima glukosi kama gramu 22, chumvi gramu 3.5 na bikaboneti gramu 2.5 kwa kila lita ya maji, wakatia kwenye mifuko ya plastiki na kuifunga kwa pasi ya moto. Kambini ilichanganywa na maji kwenye madumu.

Na nani alinywesha? Wauguzi hawakutosha. Walionywesha ni mama, baba, kaka na dada wa mgonjwa, wakimbizi kama sisi, kikombe baada ya kikombe. Mwanzoni hata wahudumu hawakushawishika, waliona ni tiba ya daraja la pili. Lakini vifo vilishuka kutoka karibu asilimia 30 mpaka asilimia 3.6. Baada ya hapo hakuna aliyeweza kusema kwamba dawa hii ni ya hospitali kubwa tu.

Wengi wetu tumetoka Kivu, na wazee wanakumbuka mwezi wa Julai 1994. Ndani ya siku chache, Wanyarwanda kati ya 500,000 na 800,000 walivuka kuingia Goma. Ardhi pale ni mawe ya volkano, kuchimba choo ni kazi kubwa, na maji yalichotwa ziwani. Kwa mwezi mmoja walikufa watu karibu 50,000, wengi kwa kipindupindu na kuhara damu. Ilikuwa miaka 23 baada ya Bongaon. Wataalamu waliochunguza vituo vya matibabu waliandika kwamba wagonjwa walirudishiwa maji polepole mno na ORS haikutumika vya kutosha. Yaani ujuzi ulikuwepo duniani, ila kikombe hakikufika mdomoni kwa wakati.

Kwa hiyo haya ndiyo tunayoomba kila mmoja ayajue kwa kichwa. Pakiti moja ichanganywe na lita 1 kamili ya maji safi, kama pakiti yenyewe inavyosema. Usipunguze maji eti iwe kali, wala usiongeze sukari. Sukari ikizidi inavuta maji kutoka mwilini kurudi kwenye utumbo, na harisho linaongezeka. Pakiti ikikosekana: lita 1 ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vimesawazishwa juu. Mtoto akitapika, subiri dakika 10, kisha endelea kumpa kidogo kidogo kwa kijiko. Anayenyonya aendelee kunyonya. Na mgonjwa aliyelegea, asiyeweza kunywa, au anayeharisha maji mengi kama ya mchele, akimbizwe kliniki. Huyo dripu ni haki yake. Njiani endeleeni kumnywesha kama anaweza kumeza.

Nanyi mnaogawa pakiti, tunaomba dakika mbili za kumweleza mama kwa nini sukari imo ndani. Mama akielewa habari ya mlango, hatamwaga pakiti. Atakaa na kijiko usiku kucha, kama walivyokaa wale wa Bongaon.