Uoanishaji wa Ontolojia, Si Usawazishaji

Uoanishaji wa ontolojia ni kazi ya kubainisha, dhana kwa dhana, uhusiano kati ya ontolojia (mifumo rasmi ya dhana) mbili, kwa mfano ya jumla na ya taaluma mahususi, kila moja ikibaki na mpangilio wake. Mtu anaweza kushawishika kuiita "usawazishaji". Jina hilo linapotosha.

"Sawazisha" limetokana na "sawa", neno lenye asili ya Kiarabu. Kinachosawazishwa huondolewa tofauti zake. "Oanisha" ni la mzizi wa Kibantu: oa, oana, oanisha. Kiambishi -an- huleta kutendana, na -ish- huleta kusababisha. Waliooana wana uhusiano unaotajika, lakini hubaki wawili. Wanaolikataa kwa hoja kwamba ni neno la harusi husahau kuwa Waswahili husema rangi zinaoana, na kauli za mashahidi hazioani.

Garissa, nchini Kenya, inatoa ushahidi wa tofauti hiyo. Eneo hilo lilikumbwa na Homa ya Bonde la Ufa mwaka 1997–98, na tena 2006–07. Katika ICD-10, uainishaji wa kimataifa wa magonjwa, ugonjwa huo ni A92.4, kwenye kundi la homa za virusi zinazoenezwa na mbu. Daktari wa mifugo huutambua kwanza kwa mifugo kuharibu mimba. Wafugaji wa Kisomali huuita sandik, jina linalorejelea damu itokayo puani mwa mnyama. Kusawazisha ni kudai kwamba sandik ndiyo A92.4, ilhali jina hilo limejengwa juu ya dalili, na dalili moja huweza kuletwa na maradhi mengi. Tena, watu huambukizwa pia kwa kugusa damu ya mnyama mgonjwa wakati wa kuchinja. Kundi la mbu halilisemi hilo.

Ontolojia ya jumla kama BFO (Basic Formal Ontology), iliyofanywa kiwango cha ISO mwaka 2021, hutenga vitu vinavyodumu na michakato: mbuzi na virusi upande mmoja, kuvuja damu upande wa pili. Kuoanisha ni kutaja kiungo: virusi *husababisha* ugonjwa, sandik *huashiria* ugonjwa.

Matumizi: oanisha, jozi oanifu, zana ya uoanishaji. "Usawazishaji" ubaki kwenye hesabu. Katika taarifa za afya hauna nafasi.