Matofali ya Chamwino: Ujamaa ulivyoingia Ugogo

Mwaka 1971, Rais wa Tanzania, Mwalimu Julius Nyerere, alipiga kambi Chamwino, mashariki ya mji wa Dodoma, akafyatua matofali pamoja na wanakijiji. Wagogo walikuwa wakiishi kwenye tembe zenye paa la udongo. Sasa Rais alikuwa matopeni pamoja nao, akiwajengea mfano wa maisha mapya. Fikra ya ujamaa iliyomfikisha hapo ilikuwa na safari ndefu.

Ulaya, usoshalisti ulizaliwa katika moshi wa viwanda. Mapema karne ya 19, Robert Owen alikuwa tayari akijaribu kuwapa wafanyakazi wa kiwanda cha New Lanark, Scotland, makazi bora na shule za watoto wao. Mwaka 1848 Karl Marx na Friedrich Engels walitoa Ilani yao, wakisema historia inasukumwa na mapambano ya matabaka. Wafabiani wa Uingereza walishika njia nyingine: mabadiliko ya hatua kwa hatua, kupitia sheria na kura. Nyerere alikutana na fikra hizo akiwa mwanafunzi Edinburgh, kati ya 1949 na 1952.

Aliporudi hakuzimeza zote. Katika kijitabu chake cha 1962 alieleza kwamba ujamaa ni moyo wa mtu, na kwamba Mwafrika hahitaji vita vya matabaka ili aujue. Ukoo umekwisha kumfundisha. Ndiyo maana akachagua neno ambalo kila mtu alikuwa nalo nyumbani.

Ugogo ungeweza kumtolea ushahidi. Mfugaji mwenye mifugo mingi huwagawia jamaa na marafiki ng'ombe wa kutunza. Wao hunywa maziwa, ng'ombe hubaki wa mwenyewe, na ugonjwa ukiingia boma moja, kundi zima halimaliziki. Mwenye shamba hupika pombe, nao majirani huja na majembe. Katika nchi kame inayokumbuka njaa kuu ya Mtunya ya 1917 hadi 1920, kusaidiana kulikuwa kinga ya uhai. Lakini msaada huo ulisimama juu ya hiari na kuaminiana, na kaya zilikaa mbalimbali ili mifugo ipate malisho.

Azimio la Arusha la Februari 1967 liliweka njia kuu za uchumi mikononi mwa umma. Septemba mwaka huohuo, katika andiko la Ujamaa Vijijini, Nyerere alisisitiza kwamba watu waingie vijijini kwa kushawishika, wasiburutwe. Wakulima wa Litowa, Ruvuma, walikuwa wameshaonyesha kwamba jambo hilo linawezekana. Hata hivyo, chama chao cha maendeleo kilivunjwa na chama tawala, TANU, mwaka 1969.

Operesheni Dodoma ya 1971 ilikuja na mwendo mwingine, wa kuhamishia mkoa mzima vijijini kwa haraka. Novemba 1973 kuishi vijijini kukawa amri kwa nchi nzima, na mwisho ukawekwa 1976. Mahali pengi nyumba zilibomolewa au kuchomwa ili watu wasirudi. Ugogoni, kaya na mifugo vilisongamana kwenye ardhi isiyohimili mzigo huo, na mashamba mazuri yakabaki mbali na nyumba.

Ni haki kutaja kilichopatikana. Shule, zahanati na visima viliwafikia watu ambao serikali ya kikoloni haikuwajali. Na Nyerere mwenyewe, alipolipima Azimio baada ya miaka 10, mwaka 1977, alikiri wazi kwamba Tanzania haijawa nchi ya kijamaa wala ya kujitegemea.

Hukumu yangu ni hii: ujamaa uliumia siku ulipoacha kuomba na kuanza kuamuru. Jirani aliyekuja kulima kwa sababu ameitwa vizuri hawezi kuwa sawa na yule aliyeletwa kwa lori. Leo Ikulu ya nchi iko Chamwino, palepale Rais alipofyatua matofali na wananchi. Wanaopanga mipango ya vijiji vyetu wakiwa humo wakumbuke kwamba udugu haujengwi kwa amri. Wamwulize kwanza mwenye shamba.