Shahada ya Kiongozi wa Wageni

Ngoliba ni mahali palipo upande wa mashariki wa mji wa Thika, karibu na njia kuu iendayo Garissa. Huko Mto Athi hushuka kwa kishindo juu ya majabali, na mahali hapo pamepewa jina la Maporomoko Kumi na Manne. Ng'ambo ya mto umesimama mlima wa Ol Donyo Sabuk, wenye kimo cha mita 2,145, ambao wenyeji wengi huuita Kilimambogo. Wageni huja kutazama maji hayo, na vijana wa huko huwaongoza juu ya mawe na kuwavusha kwa mashua. Vijana hao wanajua jiwe lipi huteleza na dalili gani huonyesha kwamba mto unajaa. Elimu hiyo ni ya kweli, lakini haikuandikwa popote. Kijana wa namna hiyo akiondoka kwao akaenda kutafuta kazi Moshi au Jinja, ujuzi wake anao, bali hana kitu cha kuuonyesha. Na yule mwenzake aliyekwenda chuoni akapewa shahada huenda akafika mpakani akaambiwa kwamba shahada ile ni ya nchi yake, si ya nchi ile aiendeayo.

Habari za jambo hili ni za zamani kuliko mipaka yenyewe. Zafaa kusomwa na kila kijana anayefikiri kupata riziki yake katika kazi ya kupokea wageni.

Katika karne ya kumi na tisa palikuwa na mtu aliyeitwa Sidi Mubarak Bombay. Alizaliwa katika kabila la Wayao, akachukuliwa utumwani hata India, na baada ya kupata uhuru wake akarudi Unguja. Mwaka wa 1857 aliajiriwa na Waingereza wawili, Burton na Speke, akafuatana nao mpaka Ziwa Tanganyika. Baadaye alikwenda tena na Speke, pamoja na Grant, wakapita Buganda kuitafuta asili ya Mto Nile. Mwaka wa 1871 alisafiri na Stanley alipokwenda kumtafuta Livingstone. Na tangu mwaka wa 1873 hata 1875 akafuatana na Cameron, wakalivuka bara la Afrika kutoka pwani ya mashariki mpaka ya magharibi. Chama cha Jiografia cha London kilimpa nishani na malipo ya uzeeni.

Tukiuliza mtu huyu alikuwa na shahada gani, jibu ni kwamba hakuwa nayo hata moja. Kilichomvusha kutoka nchi hii hata nchi ile ni sifa yake: msafiri mmoja alimsifu kwa mwingine, na huyo wa pili akamwajiri. Njia hiyo ilikuwa nzuri kwa kuwa ilimpima mtu kwa kazi yake. Walakini ilikuwa na kasoro kubwa. Sifa ilikuwa mali ya bwana aliyeitamka wala si ya mtumishi aliyeistahili, na bwana akikasirika au akifa bila kusema neno, mtumishi alianza upya kama mtu asiyejua kitu.

Kisha ikaja mipaka. Waingereza na Wajerumani waliigawana nchi kwa mapatano ya mwaka wa 1886 na ya 1890, wakapiga mstari kutoka pwani mpaka Ziwa Viktoria, wakauzungusha kaskazini ya Kilimanjaro ili mlima ubaki upande wa Wajerumani. Hata hivyo kwa miaka mingi mstari huo haukuwazuia sana watu wa safari. Mwaka wa 1909 Theodore Roosevelt, aliyekuwa ametoka katika urais wa Marekani, alikuja kuwinda, naye alikaa katika shamba la Juja, mali ya McMillan, lililoelekeana na mlima huo wa Ol Donyo Sabuk. McMillan mwenyewe amezikwa juu ya mlima. Safari ile ya Roosevelt ilikuwa na wapagazi wapatao 200, mbali ya wapishi na wabeba bunduki, nayo ilipita Kenya na Uganda ikaishia Sudani. Jina la mgeni liliandikwa katika vitabu. Wale waliomwonyesha njia na kumfuatia nyayo za wanyama, wengi wao hata majina hayakuhifadhiwa.

Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, wanaume Waafrika wa Kenya walilazimishwa kuchukua kipande. Wafanyakazi wa mashamba ya kahawa na ya katani ya Thika walikitia ndani ya kijaluba cha chuma na kukivaa shingoni. Ndani yake ziliandikwa alama za vidole, jina la mwajiri, na siku mtu alipoanza na alipoacha kazi. Twaweza kusema kwamba hii ilikuwa hati ya kazi, na kwa kweli ilikuwa hivyo. Lakini haikuandikwa ili kumwinua mwenye nayo. Iliandikwa ili asiondoke bila ruhusa, na mpaka ilipofutwa mwaka wa 1947 ilikuwa chuki ya watu wote. Nataja kipande kwa sababu wako wanaodhani kwamba karatasi yoyote juu ya kazi ya mtu ni heshima. Lazima kwanza tutazame karatasi hiyo inamfanyia kazi nani.

Wakati huo huo palikuwa na watu wachache ambao sifa zao ziliheshimiwa pande zote za mpaka. Mwaka wa 1934 wawindaji wa kizungu walikutana katika hoteli ya Norfolk huko Nairobi, wakaunda Chama cha Wawindaji wa Afrika Mashariki. Mtu aliyekubaliwa na chama hicho aliaminiwa kuwaongoza wageni Kenya, Uganda na Tanganyika. Huo ndio mfano wa kwanza ulio wazi katika nchi zetu wa shahada ya kiongozi kupita mipaka. Ni mfano wa ajabu pia, maana Mwafrika aliyekwenda mbele akisoma nyayo, ambaye bila yeye mwindaji asingaliona simba wala tembo, hakuwa na cheo wala shahada.

Baada ya Vita Kuu ya Pili, na hasa wakati wa kupata uhuru, mambo yalianza kunyoka. Nchi tatu zilikuwa na fedha moja, posta moja, reli moja, na tangu mwaka wa 1946 ndege za shirika moja. Mwanafunzi wa Thika na mwenzake wa Tabora walifanya mtihani mmoja uliotungwa Cambridge, na hapakuwa na haja ya kuulizana shahada ni ya wapi. Mwaka wa 1963 pakaanzishwa Chuo cha Mweka juu ya mteremko wa Kilimanjaro, kufundisha Waafrika kazi ya kutunza wanyama wa porini, na wanafunzi wakatoka nchi nyingi. Jumuiya ya Afrika Mashariki ikaanza kazi tarehe 1 Desemba 1967, na mwaka huo huo likaundwa Baraza la Mitihani la Afrika Mashariki ili mitihani itoke hapa hapa kwetu badala ya Uingereza. Kenya nayo, kwa msaada wa Uswisi, ilijenga Chuo cha Utalii katika Nairobi, kikaanza kufundisha mwaka wa 1975.

Lakini wakati vyuo vilikuwa vikijengwa, ugomvi ulikuwa ukikua, na kiini chake hakikuwa elimu. Mgeni wa miaka ile aghalabu alishuka Nairobi, akapanda gari la Nairobi lenye dereva wa Nairobi, akaenda kuona Serengeti na Ngorongoro, kisha akarudi Nairobi kulipa hesabu yake. Watanzania waliona kwamba wanyama ni wao, kazi ya kuwalinda ni yao, na faida ni ya jirani. Malalamiko hayo yalikuwa na haki ndani yake, wala haifai sisi wa Kenya kuyapuuza. Mwaka wa 1971 Tanzania ilifungua uwanja wa ndege wa Kilimanjaro ili wageni washuke karibu na mbuga zake.

Mwaka wa 1977 yote yakavunjika. Shirika la ndege lilisimama, na mwezi wa Februari Tanzania ikafunga mpaka wake na Kenya. Magari ya watalii na ndege ndogo za makampuni ya Kenya zilizokutwa huko zilizuiliwa. Mwezi wa Mei Kenya ikapiga marufuku uwindaji, na kile chama cha wawindaji kikafa mwaka huo huo. Mitihani nayo ilitengana, ingawa pole pole zaidi: Tanzania ilikuwa imekwisha kujitoa mwaka wa 1971, ikaunda baraza lake mwaka wa 1973, Kenya ikaunda lake mwaka wa 1980, na Uganda mwaka wa 1983. Basi kijana aliyezaliwa Ngoliba wakati wa uhuru, akamaliza shule mwaka wa 1981, alipata shahada ambayo jirani zake wawili hawakuwa na sehemu katika kuitunga.

Mpaka ulifunguliwa tena Novemba 1983. Mwaka wa 1985 Kenya na Tanzania zilipatana juu ya utalii, na mapatano hayo yanaeleza hali ya mambo kuliko hotuba nyingi. Gari la watalii la Kenya lingefika mpakani, mathalani Namanga, na hapo wageni wangeshuka pamoja na mizigo yao na kupanda gari la Tanzania lenye kiongozi wa Tanzania. Wa upande wa pili wangefanya vivyo hivyo. Njia ya Bologonja, iliyounganisha Maasai Mara na Serengeti, haikufunguliwa. Nyumbu huvuka hapo kila mwaka kwa maelfu mengi. Kiongozi anayewafahamu tangu utoto wake husimama.

Mkataba mpya wa Jumuiya ulitiwa sahihi Arusha tarehe 30 Novemba 1999. Kifungu chake cha 115 chasema kwamba nchi wanachama zitapanga hoteli kwa daraja za namna moja na kulinganisha viwango vya ujuzi vya mawakala wa utalii na safari. Itifaki ya Soko la Pamoja, iliyoanza tarehe 1 Julai 2010, ikaongeza katika kifungu cha 11 kwamba nchi zitatambuliana shahada za elimu na za kazi. Baada ya hapo wenye kazi mbalimbali walianza kupatana: wahasibu na wasanifu wa majengo mwaka wa 2011, wahandisi mwaka wa 2012, madaktari wa mifugo mwaka wa 2016.

Msomaji atauliza, mbona viongozi wa wageni hawamo? Sababu ya kwanza ni ya utaratibu. Wahandisi wa kila nchi wana bodi yao iliyowekwa kwa sheria. Bodi hizo zilikaa pamoja, zikalinganisha miaka ya masomo na ya mazoezi, zikakubali kuandikishiana watu. Kiongozi wa wageni hana bodi ya namna hiyo. Chuo humpa shahada, serikali humpa leseni, na katika Kenya chama cha viongozi humtahini na kumpa daraja ya shaba, ya fedha au ya dhahabu. Jirani akitaka kuzungumza, azungumze na nani kati ya hawa?

Sababu ya pili ndiyo nzito zaidi, nayo ni ile ya mwaka wa 1977. Mhandisi avukaye mpaka huja kujenga daraja. Kiongozi avukaye mpaka huonekana kama mtu aliyekuja kula sahani ya mwenyeji. Desemba 2014 Kenya ilizuia magari ya watalii ya Tanzania yasichukue wageni katika uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta. Machi 2015 Tanzania ikapunguza safari za ndege za Kenya kutoka 42 hata 14 kwa juma, na ugomvi ukatulia mwezi huo huo baada ya Rais Kenyatta na Rais Kikwete kukutana Windhoek. Jambo la kushangaza ni kwamba mwaka huo wa 2014 Kenya, Uganda na Rwanda zilikuwa zimeanza kumpa mtalii viza moja, kwa dola 100, apite katika nchi zote tatu. Mgeni kutoka ng'ambo alipatiwa karatasi moja kabla ya mwenyeji amwongozaye.

Sheria ya Utalii ya Tanzania ya mwaka wa 2008 iliweka kazi ya kuongoza wageni mikononi mwa raia wa nchi hiyo. Julai 2025 serikali hiyo ikatangaza aina 15 za biashara ambazo asiye raia haruhusiwi kuzifanya, na kuongoza watalii ikawa mojawapo, pamoja na biashara ndogo ndogo kama kinyozi. Kenya ililalamika kwamba amri hiyo inapingana na Soko la Pamoja. Kwa maoni yangu, wepesi wa kulalamika ungefaa uandamane na kumbukumbu ya Desemba 2014.

Chuo cha Mweka kingali kinafundisha, na wanafunzi hutoka nchi nyingi za Afrika. Kijana wa Ngoliba aweza kusoma huko, akajifunza majina ya ndege na miti ya Kilimanjaro, akafaulu vizuri kuliko wenzake. Siku ya kupewa shahada atapigiwa makofi kama wengine. Lakini akitaka kumpandisha mgeni juu ya mlima ule ule aliosomea chini yake, sheria itamtazama uraia kwanza.