Ushindani: neno lililoamua bei ya luninga Marekani

Haya wadau, leo tuziache kidogo siasa za hapa nyumbani. Nataka tuzungumze bili. Si ya umeme wala ya maji, hizo tumezizoea. Ni bili ya luninga ya kebo kule Marekani, na jinsi madiwani wa huko walivyopewa mamlaka ya kuipanga, wakanyang'anywa, wakarudishiwa nusu, kisha wakanyang'anywa tena. Kila mara aliyefanya kazi hiyo alikuwa neno moja: ushindani.

Sisi tukisikia luninga ya kulipia tunawaza ungo juu ya bati na kadi ndani ya king'amuzi. Ukigombana na kampuni moja, unahamia nyingine. Kebo haiko hivyo. Ni waya unaopita kwenye nguzo za mtaa wako mpaka sebuleni, na kwa miaka mingi mji mmoja ulikuwa na kampuni moja. Ukiichukia, utafanyaje?

Tuanze mwanzo. Mwaka 1948, mjini Astoria katika jimbo la Oregon, mtu wa redio aitwaye Ed Parsons aliweka antena juu ya hoteli, akanasa kituo kipya cha Seattle kilichokuwa zaidi ya kilomita 150 kutoka pale, akavuta waya mpaka kwake. Majirani nao wakataka. Huko Pennsylvania, kwenye miji ya machimbo ya makaa ya mawe iliyobanwa na milima, wauza luninga walikuwa na shida yao: nani atanunua luninga inayoonyesha chenga tupu? Mwaka 1950 Robert Tarlton wa mji wa Lansford akajenga na wenzake antena mlimani, wakasambaza waya na kutoza ada ya mwezi.

Sasa, waya lazima upite juu ya barabara au chini yake, na barabara ni ya mji. Hapo ndipo diwani alipoingia. Halmashauri ikasema: sawa, pita, lakini kwa kibali chetu. Kibali kilikuwa cha miaka kadhaa, mara nyingi 15, na kilikuwa na masharti: ada ya mwezi isizidi kiasi fulani, mitaa yote ifikishiwe waya, shule ziunganishwe, mji upate asilimia yake. Manhattan ilipata chaneli za wananchi mwaka 1971, ambako mtu wa kawaida angeweza kurusha kipindi chake mwenyewe.

Msije mkadhani madiwani wale walikuwa malaika. Kibali kimoja kilikuwa na thamani ya mamilioni, na palipo na mamilioni mnajua wenyewe. Mwaka 1971 Irving Kahn, bosi wa TelePrompTer, kampuni kubwa ya kebo wakati huo, alitiwa hatiani kwa kumhonga meya na madiwani wa Johnstown, Pennsylvania, akaenda jela. Makampuni nayo yaliahidi mbingu na ardhi ili yapate miji mikubwa, halafu yakishapata kibali yanarudi kulia kwamba masharti ni magumu.

Makampuni yakapeleka kilio chao Washington, na mwaka 1984 yakasikilizwa. Sheria ya kebo iliyosainiwa na Rais Reagan Oktoba 1984 iliwapa madiwani jambo moja walilolitaka: kibali chao kilitambuliwa rasmi, na mji uliruhusiwa kutoza mpaka asilimia 5 ya mapato ya kampuni. Lakini bei wakaiachia. Kuanzia mwisho wa mwaka 1986, mji haukuruhusiwa kupanga ada popote penye "ushindani wa kweli".

Soma tena hayo maneno mawili. Nani alipewa kazi ya kuyafafanua? Tume ya Mawasiliano ya Shirikisho, FCC. Nayo ikasema: mahali panapopatikana vituo vitatu vya luninga kwa antena ya kawaida, pana ushindani. Vitatu! Karibu kila mji wa Marekani ulikuwa navyo. Kwa hiyo mteja aliyelipia kebo ili apate habari, michezo na sinema saa 24 aliambiwa ana mbadala: antena ya sikio la sungura na vituo vitatu.

Kilichofuata mnaweza kukibashiri. Bunge lenyewe lilikiandika baadaye ndani ya sheria: tangu bei ziachiwe, wastani wa ada ya mwezi ulipanda kwa asilimia 29, karibu mara tatu ya kasi ya mfumuko wa bei, wakati chaneli za kifurushi cha msingi ziliongezeka kutoka 24 hivi hadi 30. Bunge likaandika pia kwamba wateja wengi hawakuwa na kampuni ya pili ya kuchagua. Vile vituo vitatu havikumzuia mtu kupandisha bei.

Hasira zikawa kubwa kiasi kwamba mwaka 1992, ukiwa mwaka wa uchaguzi, Bunge likapitisha sheria mpya ya kumlinda mteja. Rais Bush, yule baba, akaikataa. Oktoba 5, 1992, Seneti ikampindua kwa kura 74 dhidi ya 25, na Baraza la Wawakilishi kwa kura 308 dhidi ya 114. Katika miaka yake yote minne Ikulu, hilo ndilo katazo lake pekee lililopinduliwa na Bunge. Walishindwa kumpindua kwenye mambo makubwa ya nchi, wakaweza kwenye bili ya luninga. Ukigusa sebule ya mpiga kura, umegusa pabaya.

Safari hii neno lilifafanuliwa ndani ya sheria yenyewe. Ushindani maana yake ni kampuni nyingine inayoweza kufikia angalau nusu ya nyumba za eneo, na zaidi ya asilimia 15 ya nyumba ziwe zimejiunga na hao wengine. Pasipokuwa na hilo, mji unaomba idhini FCC na kuanza kupanga ada ya kifurushi cha msingi, chenye vituo vya eneo hilo na chaneli za wananchi. Vifurushi vya juu vikabaki kwa FCC yenyewe. Mwaka 1993 FCC ikaagiza bei zishuke kwa kama asilimia 10, na mwaka 1994 ikaongeza punguzo hadi 17.

Je, mteja aliona nafuu? Wengine ndiyo, wengine hapana. Makampuni yana wahasibu, na wahasibu wana ujanja: chaneli zikahamishwa kutoka kifurushi kimoja kwenda kingine na hesabu ikaanza upya.

Nafuu iliyodumu ilikuwa kwenye huduma. Kanuni za 1993 zilisema simu ya mteja ipokelewe ndani ya sekunde 30, kuunganishiwa kusizidi siku 7 za kazi, fundi akiahidi kuja ataje muda usiozidi saa 4, na huduma ikikatika kazi ianze ndani ya saa 24. Msimamizi ni mji. Yaani bibi aliyekaa nyumbani kutwa akimsubiri fundi asiyetokea alikuwa na mahali pa kwenda: ukumbi wa halmashauri ya mji wake, mbele ya watu anaowapigia kura.

Halafu mamlaka yakaanza kupanda ngazi tena. Sheria ya mwaka 1996 ilifuta udhibiti wa vifurushi vya juu kuanzia Machi 31, 1999. Mwaka 2005 Texas ikahamisha vibali kutoka mijini kwenda jimboni, kwa sababu makampuni ya simu yalitaka kuingia kwenye luninga bila kujadiliana na mji mmoja mmoja. California ikafuata mwaka 2006, na majimbo mengine kadhaa.

Na lile neno? Mwaka 2015 FCC ililigeuza kichwa chini miguu juu. Zamani kampuni ndiyo iliyotakiwa kuthibitisha kwamba ina mshindani. Sasa ikachukuliwa kwamba ushindani upo kila mahali, kwa kuwa ungo wa DirecTV na wa Dish unafika kila mahali, na mji unaobisha ndio ulete ushahidi. Ni sehemu chache mno zilizobaki zikibisha. Oktoba 2019 FCC ikakubali ombi la kampuni ya Charter kuhusu maeneo 32 ya Massachusetts na kisiwa cha Kauai, Hawaii: mshindani aliyehesabiwa ni huduma ya luninga ya AT&T inayopita kwenye intaneti. Udhibiti wa ada ukaishia hapo, baada ya miaka 27.

Tuwe wakweli: mwaka 2019 mteja alikuwa na njia nyingi kuliko mwaka 1986, hilo halina ubishi. Lakini intaneti ya kuangalizia luninga hiyo inaingia nyumbani kwa waya gani? Mara nyingi ni waya uleule wa kampuni ileile ya kebo, na bei ya intaneti diwani hana mamlaka nayo hata kidogo.

Hapa kwetu halmashauri haina neno kwenye bei ya king'amuzi, hayo ni mambo ya TCRA. Sisemi tuwape madiwani, Johnstown imetufundisha. Ninachosema ni kwamba siku mkubwa yeyote akisimama kutangaza kuwa soko fulani lina ushindani wa kutosha, liwe la luninga, mafuta au mabasi, sisi waandishi tusikimbilie kuandika kichwa cha habari. Tumuulize kwanza: mheshimiwa, huo ushindani umeuhesabuje?

Tafakari.