Njia ya Mgonjwa Baina ya Hospitali na Nyumbani: Habari za Jinja na Mbale

Kila aliyepata kumuuguza jamaa yake huku mashariki mwa Uganda ajua ya kuwa taabu haiishi mgonjwa akisha kuandikiwa dawa. Hospitali kubwa za Serikali ziko Jinja na Mbale. Bali mgonjwa hutoka Kamuli, au Mayuge, au miteremko ya Mlima Elgon, naye hurejea huko huko. Baina ya kitanda cha hospitali na mkeka wa nyumbani ndipo wengi walipopotea.

Jambo hili lilidhihirika ulipoingia ukimwi, ambao watu wetu waliuita silimu. Mwaka 1987 Bibi Noerine Kaleeba, aliyefiwa na mumewe kwa maradhi hayo, alianzisha pamoja na wenzake chama cha TASO. Hakikuwa chama cha Serikali. Lakini matawi yake ya Jinja na Mbale yaliwekwa katika viwanja vya hospitali za Serikali. Hospitali ikalaza na kutibu, chama kikatoa nasaha na watu wa kumfuata mgonjwa kwake.

Waislamu nao hawakukaa kando. Chama cha madaktari wa Kiislamu, IMAU, kilichoundwa mwaka 1988, kiliwafundisha maimamu na watu wa kujitolea, wake kwa waume, katika Mpigi na katika Iganga, jirani ya Jinja. Imamu alisema msikitini yale ambayo wengi waliona haya kuyataja, na wasaidizi wakapita nyumba kwa nyumba. Mwaka 1998 shirika la UNAIDS lilichapisha habari za kazi hiyo ili mataifa mengine yaisome.

Dawa za kupunguza makali zilipopatikana, likazuka swali la nauli. Toka mwaka 2005 TASO Jinja na wataalamu walilipima: wagonjwa 1,453 wa maeneo 44 waligawanywa, wengine wakihudhuria kliniki, wengine wakipelekewa dawa kila mwezi na maafisa wa pikipiki. Afisa hakuwa daktari. Alikuwa na orodha ya dalili za kuuliza, na simu ya kumwita daktari; akiona hatari, humrudisha mgonjwa kliniki. Matokeo yalitolewa mwaka 2009: dawa ilishindwa kwa asilimia 16 ya waliofuatwa nyumbani na asilimia 17 ya waliokwenda kliniki. Hapana tofauti, ila gharama ya mgonjwa ilipungua sana. Kwangu mimi hilo si dogo, maana nauli ndiyo iliyowarudisha watu njiani.

Umbali huo huo ulibadili hata upasuaji. Katika hospitali ya watoto ya CURE, iliyo ya shirika la Kikristo mjini Mbale, Dakta Benjamin Warf aliwatibu watoto wenye vichwa vilivyojaa maji. Desturi ilikuwa kutia mrija. Lakini mrija ukiziba, mtoto aliye mbali aweza kufa kabla hajafikishwa. Akaendeleza njia ya kuyafungulia maji mkondo mwingine ubongoni, ili wengi warudi makwao bila mrija.

Serikali ilitoa sera ya ushirikiano na watu binafsi katika afya mwaka 2012, kazi yenyewe ikiwa imekwisha kutangulia miaka mingi. Sera yataja wajibu wa kila upande. Fedha za dawa, na za petroli ya pikipiki, zilitoka Marekani kwa sehemu kubwa. Na Januari 2025, Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje, swali la nauli likarudi mlangoni kwa mgonjwa.