Wazee Waliotunzwa Nyumbani Wakati wa Korona

Wazee wetu watuwie radhi, kwani habari hii yawahusu wao wenyewe. Mwaka 2020 serikali ya Uswidi ilitaka kuwakinga wazee wake na Korona, na mwezi wa Aprili ikakataza watu kuwazuru katika makao yao. Hata hivyo tume ya uchunguzi ilitoa ripoti Disemba ya mwaka ule ule, kwamba karibu 9 katika kila 10 waliokufa walikuwa na miaka 70 au zaidi. Katika hao, nusu walikaa makaoni, na wapatao 3 katika 10 walitunzwa majumbani mwao.

Hao wa majumbani ndio watushughulishao. Mlango wao haukufungika: mzee asiyeweza kuoga wala kujipikia hana budi kumfungulia mtumishi, na mtumishi huyo hupita nyumba nyingi kwa siku. Wengi wao walikuwa vibarua wa saa, na mwanzoni barakoa zilikuwa haba. Wala miaka peke yake haikuwa kipimo. Mwenye miaka 85 na nguvu zake aweza kupona, na wa 70 aliyekwisha dhoofika asiamke.

Kwetu Kenya mtumishi huyo ni mwana, au mkaza mwana. Nairobi ilipofungwa tangu tarehe 6 Aprili 2020 hata Julai, wana wengi walizuiliwa njiani. Fedha zilifika kwa simu, lakini kumgeuza mzee kitandani ilibaki kazi ya mjukuu aliyekuwapo, au jirani.