Kinasa sauti cha Odera Oruka na viziwi wa Nyang'oma

Kaunti ya Siaya hujivunia wasemaji wake. Mwanasiasa Jaramogi Oginga Odinga alikuwa mtu wa Bondo, na Henry Odera Oruka, mwanafalsafa wa Kenya anayesomwa hadi Ulaya na Marekani, alizaliwa Ugenya mwaka 1944. Lakini kaunti hiyohiyo ina historia nyingine ambayo wanafalsafa wameipita kando. Mwaka 1961, katika misheni ya Kikatoliki ya Nyang'oma karibu na Bondo (si Nyang'oma Kogelo ya kina Obama, ingawa wageni huzichanganya), ilifunguliwa St Mary's, shule ya watoto viziwi. Mwaka huohuo Mumias nayo ikapata ya kwake. Hizo ni miongoni mwa shule za kwanza za viziwi nchini.

Historia hizi mbili zilikaa jirani zaidi ya miaka thelathini bila kupigana hodi.

Odera Oruka alirejea kutoka Uppsala, Uswidi, akaanza kufundisha Chuo Kikuu cha Nairobi mwaka 1970. Swali lililotawala wakati ule lilikuwa la kuudhi: je, Mwafrika ana falsafa? Wapo waliosema falsafa yake imo katika methali na mila za kabila zima. Paulin Hountondji wa Benin akasema hapana, pasipo maandishi hapana falsafa. Odera hakukubaliana na upande wowote. Kuanzia katikati ya miaka ya 1970, yeye na wenzake waliingia vijijini na kinasa sauti wakawahoji wazee, wengi wao wasiojua kusoma. Miongoni mwa Wajaluo walikuwapo Paul Mbuya Akoko na Oruka Rang'inya, ambaye ni baba mzazi wa profesa mwenyewe.

Kipimo chake kilikuwa kikali. Mzee anayekariri vizuri hekima ya jamii yake alikuwa mhenga tu. Wa kuitwa mwanafalsafa ni yule aliyeweza kusimama kando ya mila, akaihoji, akaikosoa na kutoa sababu zake. Kitabu cha mazungumzo hayo kilitoka Leiden mwaka 1990, kisha Nairobi mwaka 1991. Kwa maoni yangu hakuna msomi wa ufuo huu wa Ziwa Victoria aliyefanya jambo kubwa zaidi: mtu wa jembe, ambaye chuo kikuu kilimwona hana fikra kwa kuwa hana kalamu, aliingizwa ndani na kuketishwa pamoja na wasomi.

Hata hivyo, kinasa sauti kinataka sauti. Mzee alipaswa kusikia swali, kulijibu, kubanwa na kujibu tena papo hapo. Katika wahenga waliochapishwa katika kitabu hicho hakuna hata mmoja aliyezungumza kwa ishara. Wanawake pia walikuwa wachache mno, na hilo limelalamikiwa mara nyingi. La viziwi halikulalamikiwa sana. Sidhani ni dharau ya Odera. Njia yenyewe ya kumtafuta mwenye hekima haikuwa na mahali pa kumweka kiziwi.

Na si yeye aliyeanzisha. Aristotle aliandika kwamba kusikia ndiko kunakochangia zaidi akili, kwa sababu elimu hupitia maneno yanayosikika. Hivyo akamweka asiyeona tangu kuzaliwa juu ya kiziwi asiyesema. Wazo hilo lilidumu. Mwaka 1880 walimu wa viziwi walikutana Milan, Italia, karibu wote wakiwa watu wanaosikia, wakapiga kura kwamba watoto wafundishwe kutamka na kusoma midomo, ishara ziachwe. Shule za Kenya nazo zilianza kwa mtindo huo. Fikiria mtoto wa mvuvi, asiyesikia hata Kijaluo cha mama yake, akitakiwa kusoma Kiingereza kwenye midomo ya mwalimu. Ishara zilikatazwa darasani, zikastawi bwenini. Wizara ya Elimu iliziruhusu ndani ya darasa mwishoni mwa miaka ya 1980.

Mwaka 1991 mradi wa utafiti wa Lugha ya Ishara ya Kenya ulianzishwa katika Chuo Kikuu cha Nairobi. Mmoja wa vinara wake alikuwa Okoth Okombo, mwanaisimu aliyeandika pia sarufi ya Kijaluo. Mradi ule uliichukulia lugha ya mikono kama lugha kamili, yenye sarufi yake. Sasa tazama: chuo kilekile, mwaka uleule ambao kitabu cha Odera kilitoka Nairobi. Ikiwa mikono ina sarufi kamili, basi inaweza kubeba hoja juu ya Mungu, kifo na haki, na kiziwi anaweza kukifaulu kile kipimo kikali. Lakini hakuna aliyevuka kutoka idara moja hadi nyingine. Odera aligongwa na gari jijini Nairobi, akafariki Desemba 1995.

Katiba ya 2010 ilikuja na mengi: Lugha ya Ishara ni mojawapo ya lugha rasmi za Bunge, na Kifungu cha 54 kinalinda haki za wenye ulemavu. Kisumu kuna shule ya Joyland ya wenye ulemavu wa viungo na shule ya wasioona ya Kibos. Chuo Kikuu cha Maseno huandaa walimu wa elimu maalumu. Yote ni mema, ila yanamhudumia mwenye ulemavu bila kumuuliza anafikiri nini. Falsafa ya Magharibi ilimjadili asipokuwapo: mwanafalsafa Peter Singer alipoandika mwaka 1979 kwamba yaweza kuwa halali kumuua mtoto mchanga mwenye ulemavu mkali, ilibidi wenye ulemavu wa Ujerumani wazuie mihadhara yake mwaka 1989 ndipo wasikike. Nasi Waafrika tusijipongeze. Tunapenda kumnukuu mwanateolojia John Mbiti kwamba mtu ni mtu kwa sababu ya jamii yake. Je, mtoto anayefichwa chumbani wageni wakija, yeye yumo katika jamii hiyo?

Aliyeingia Nyang'oma akiwa na miaka saba mwaka 1961 sasa amepita sabini, umri wa wazee aliowatafuta Odera. Walimu wa falsafa wa Nairobi na Maseno, chukueni kamera na mkalimani wa ishara mwende Bondo mkawahoji wazee hao wangali hai.